Hatukupewa Jembe



Kila mwaka kuna mtu kati yetu anapata ufadhili, tunamuaga kwa soda na keki, anapanda ndege. Akishafika tunampigia kumuuliza baridi ya huko ikoje. Akija likizo tunamuuliza ametuletea nini. Ila sijawahi kusikia mtu akiulizwa ilikuwaje aliporudi kule baada ya likizo. Nataka kueleza hapo, maana hapo ndipo mimi na mchumba wangu tulipokaribia kuachana.

Mimi ni mtoto wa Mpui, Sumbawanga Vijijini, kwenye ile barabara ya Tunduma kwenda Sumbawanga mjini, ukishapita Laela. Shahada ya kwanza nilisoma SUA pale Morogoro. Agosti 2022 nikaenda Ås, mji mdogo karibu na Oslo, kusoma mambo ya udongo katika Chuo Kikuu cha Sayansi za Uhai cha Norwei. Niliwahi kwa bahati tu: tangu muhula wa vuli wa 2023, wanafunzi wapya wanaotoka nje ya Ulaya wanalipishwa ada katika vyuo vya umma vya Norwei, kwa hiyo wewe unayejaza fomu sasa soma vizuri ufadhili wako unalipia nini. Huko maabara nikakutana na mwenzangu, Mnorwei, naye anasoma udongo kama mimi. Desemba 2023 tukaenda nyumbani pamoja kwa wiki nne.

Wiki nne za kuku

Kutoka Dar hadi kwetu ni zaidi ya kilomita 1,000. Ndani ya basi mwenzangu alifanya mazoezi ya "shikamoo" mpaka abiria wa kiti cha mbele akaanza kumuitikia marahaba. Tulipofika aliwaamkia wote waliokuwa uwanjani, mpaka watoto wa darasa la pili. Wakacheka mpaka wakakimbia.

Mama alimpokea kama mkwe, ila kwa kuwa mahari haijatolewa, alilala chumba kimoja na dada zangu. Hilo halikuwa na mjadala. Kwa chakula tulishiba hadi aibu: kuku, migebuka iliyotoka Ziwa Tanganyika, ugali wa ulezi, maharage mabichi. Jioni mvua ikikata tunakaa nje, kwa sababu kule magharibi jua linachelewa, saa moja jioni bado kuna mwanga.

Siku moja baba mdogo alitupeleka shambani kutuonyesha matuta ya Kifipa. Sisi tunaosoma udongo tulisimama pale kama watoto. Wakati wa mvua, nyasi hufukiwa chini ya tuta la mviringo, zinaozea humo, na juu yake yanapandwa maharage. Msimu unaofuata tuta linabomolewa, udongo ule ulioiva unasambazwa, na hapo panapandwa ulezi au mahindi. Wazee wetu walifanya hivyo vizazi na vizazi kabla ya mfuko wa kwanza wa mbolea kufika Ufipa.

Mwenzangu akaomba jembe. Mama akacheka. "Hapana mkwe wangu, mgeni halimi hapa kwangu." Nikamtafsiria mwenzangu methali yetu: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Akahesabu kwa vidole, akasema leo ni siku ya kumi na tisa. Watu wakacheka sana. Mimi nikanyanyua jembe nimwonyeshe, mama akanidaka mkono: "Na wewe baba, kaa tu, utachafuka."

Na wewe. Siku ile nilicheka pamoja na wengine.

Usiku wa mwisho baba mdogo alileta jambo lake. Shamba la marehemu baba, ekari tatu, analiangalia yeye, na kuna mtu anataka kulikodi kwa miaka mingi. "Semeni kama mtarudi," alisema. "Kama hamrudi, shamba haliwezi kukaa linawasubiri watu wa kwenye simu." Tukaahidi kumjibu kabla ya Pasaka.

Januari ya Ås

Tulirudi wiki ya kwanza ya Januari 2024. Maeneo ya Oslo yalikuwa yameshuka hadi nyuzi 20 na zaidi chini ya sifuri. Jua linachomoza saa tatu asubuhi, na kabla ya saa kumi jioni limeshazama. Wiki mbili za mwanzo tuliishi kwa picha: tunaangalia, tunacheka, tunawatumia nyumbani. Wiki ya tatu nikaacha kulala vizuri. Nilikuwa na tasnifu ya kukabidhi Mei, lakini nilikuwa nafungua kompyuta, naandika sentensi moja, naifuta. Mwaka wangu wa kwanza haukuwa hivyo. Baridi ileile na giza lilelile niliyavuka nikiwa peke yangu, wala sikulia.

Jambo ambalo sikulitegemea ni hili: aliyetaka turudi Mpui alikuwa yeye. Alishaanza kupanga. Tutalima, tutafanya utafiti wa yale matuta, tutakaa na mama. Mimi nikasema haiwezekani. Nikamtajia mashimo ya choo, umeme kukatika, hospitali mbali, ndugu wenye shida zao wote kukutazama wewe. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Wewe wa pale hutaki, mimi mgeni ninataka. Sasa nani kati yetu anapapenda?"

Sikuwa na jibu, nikajibu kwa hasira. Nilimwambia anapenda picha, hapapendi mahali. Akafunga begi akaenda kulala kwa rafiki yake. Siku nne hatukuzungumza. Pasaka inakaribia, baba mdogo anasubiri, tasnifu imekwama, na nyumba nzima mimi na jiko.

Wataalamu wanasemaje

Katika siku zile nne nilifanya kile mwanachuo anachofanya akishindwa kuandika tasnifu: nikasoma mambo mengine.

Ugonjwa wa kutamani nyumbani ulianza kuandikwa zamani. Mwaka 1688, mwanafunzi wa udaktari aliyeitwa Johannes Hofer aliuandikia tasnifu kule Basel, Uswisi. Ndiye aliyeunda neno nostalgia, kwa kuunganisha maneno mawili ya Kigiriki, la kurejea nyumbani na la maumivu. Kwake yeye ulikuwa ugonjwa wa kweli, unaoweza kuua.

Mwaka 1955, Mnorwei Sverre Lysgaard aliandika kuhusu Wanorwei waliokwenda Marekani kwa ufadhili wa Fulbright. Aliona hali zao zinafuata umbo la herufi U: mwanzo furaha, katikati wanashuka, mwisho wanapanda tena. Mwaka 1960 mwanaanthropolojia Kalervo Oberg akaeleza hatua hizo, na ile ya kwanza akaiita fungate. Kisha mwaka 1963 John na Jeanne Gullahorn, mke na mume, wakaongeza U ya pili. Mtu akirudi kwao anashuka upya, maana yeye amebadilika na nyumbani nako kumebadilika. U mbili zikiungana unapata W.

Si kwamba kila mtu anafuata mchoro huo. Mwaka 1998 Colleen Ward na wenzake waliwafuatilia wanafunzi wa Kijapani huko New Zealand, wakakuta kwamba hali ilikuwa mbaya zaidi pale mwanzo kabisa, yaani hapakuwa na fungate yoyote. Kwa hiyo mchoro si sheria. Lakini mimi ulinisaidia kuona kitu kuhusu likizo yetu.

Wiki nne ni fupi. Mtu anayerudi nyumbani moja kwa moja atashuka, atagombana na ndugu, atachoka, kisha atapanda. Anayekuja likizo anaondoka akiwa bado kwenye fungate. Kwa hiyo ukirudi ughaibuni unalinganisha nyumbani wakati wa kuku na ughaibuni wakati wa tasnifu. Mizani hiyo si ya haki, na ndiyo maana mwaka wa kwanza haukuniuma hivi.

Na mkiwa wawili inakuwa ngumu zaidi, kwa sababu mmesafiri safari moja lakini hamkurudi mahali pamoja. Yeye amerudi kwao. Mimi nimerudi ugenini. Yeye aliiona Mpui ya mgeni, na ndiyo pekee anayoijua. Mimi nilikuwa nakumbuka Mpui ya jembe, ile ya utotoni, ya kuamka alfajiri na baridi ya Juni ya uwandani, nikaitumia kumkatalia. Lakini Mpui ya sasa ya jembe hata mimi siijui. Mama alininyang'anya jembe mbele ya watu. Kilichokuwa kinaniuma toka Januari ni ile "na wewe", na niliificha nyuma ya mashimo ya choo.

Siku ya tano nilimfuata nikamwambia hivyo. Si kwamba alinisamehe palepale. Alisema tu, "Mbona hukusema hivyo tangu mwanzo?" Akarudi na begi lake.

Kutafuta jembe

Haya ndiyo tuliyofanya baada ya hapo. Siyo dawa, lakini huenda yakamfaa mtu.

Kwanza, tulikubaliana kutokuamua jambo kubwa mpaka mwanga urudi. Kwa wiki sita hakuna kuzungumzia kuhama wala kuachana.

Pili, tulibadilisha simu za nyumbani. Zamani zilikuwa za salamu: hamjambo, hatujambo, mvua ipo, ipo. Tukamwomba mama atupe kazi. Sasa ananipigia kuniuliza mbegu gani inunuliwe, na dada analipiwaje ada. Kuna siku tunabishana mpaka anakata simu. Nilifurahi siku ya kwanza aliponikatia, kwa maana mgeni hakatiwi simu.

Tatu, tulitafuta jembe la huku pia. Wanorwei wana kitu kinaitwa dugnad, ni sawa na msaragambo wetu: majirani wanatoka siku moja kufagia, kupaka rangi, kusafisha uwanja, kisha wanakula pamoja. Mwaka wa kwanza nililiona tangazo ubaoni nikadhani haliwahusu wageni. Aprili ile nilikwenda. Mzee mmoja ambaye kwa mwaka mzima hatukuwahi kusalimiana kwenye ngazi alinipa reki bila kuniuliza jina. Tulifagia changarawe saa tatu. Tangu siku hiyo tunasalimiana.

Na baba mdogo? Tulimpigia wiki moja kabla ya Pasaka. Nilimwambia ukweli: hatujui kama tutaishi Mpui. Tunachoomba ni msimu mmoja tulime wenyewe, kuanzia Oktoba mpaka mavuno. Tukishindwa, alikodishe, na sitakuwa na neno. Alinyamaza nikadhani mtandao umekata. Kisha akasema, "Haya. Ila huyo mkwe wetu asije na viatu vyeupe."

Tasnifu nilikabidhi Mei. Tiketi tumeshakata. Mama amesema siku ya kwanza tutakula kuku, na ya pili pia, hilo hawezi kutunyima. Ya tatu baba mdogo atatupitia alfajiri.

Sijui Februari itatukuta vipi, matope yakiwa magotini na mwenzangu amemaliza fungate yake. Huenda ndipo tutakapogombana kweli. Lakini tutakuwa tunagombania Mpui iliyopo.

Kwa hiyo wewe unayesubiri barua ya ufadhili: siku utakapokuja likizo, ukiwa peke yako au na mtu wako, usikubali kula kuku wiki zote. Omba kazi. Wakikunyima, omba tena.