Shujaa Mmoja na Kazi ya Wengi: Filamu za Wasifu wa Wanasayansi Zikitazamwa kutoka Songwe

Filamu ya wasifu huyachukua maisha ya mtu aliyeishi kweli na kuyapanga upya kwa kanuni za tamthilia. Inapomhusu mwanasayansi, mtunzi hukabiliwa na tatizo asilokutana nalo anaposimulia habari za mfalme au mwanamuziki: sehemu kubwa ya kazi yenyewe haina tendo la kutazamwa. Mtu hupima, huandika tarakimu, hukosea, hurudia, hungoja. Makala haya yanaeleza jinsi utanzu huu unavyolikwepa tatizo hilo, na kinachopotea katika kulikwepa.

Mfano ulio karibu unatoka kwa jirani. Wilaya ya Ileje, mkoani Songwe, inatenganishwa na Malawi na mto Songwe. Kusini zaidi, huko Wimbe katika wilaya ya Kasungu, ndiko alikokulia William Kamkwamba, ambaye maisha yake yalifanywa filamu mwaka 2019 kwa jina la The Boy Who Harnessed the Wind. Chiwetel Ejiofor aliiongoza na kuigiza baba. Kijana aliigizwa na Maxwell Simba wa Kenya. Kamkwamba ni mvumbuzi zaidi kuliko mwanasayansi wa maabara, lakini filamu inamchora kwa kalamu ileile. Katika filamu, kinu cha upepo kinavuta maji, shamba linapata uhai, na njaa inashindwa. Katika maisha halisi, kinu cha kwanza cha mwaka 2002, kilichoundwa kwa fremu ya baiskeli, feni ya trekta na dainamo, kilitoa umeme wa kuwashia taa nyumbani. Pampu ya maji ilikuja baadaye. Mtunzi ameziunganisha hatua mbili ili ugunduzi na wokovu vitokee siku moja. Kisanaa uamuzi huo unaeleweka, na kwa hakika mandhari ya mwisho inasisimua. Lakini mtazamaji ananyimwa jambo ambalo lingemfaa kijana wa Ileje kuliko lolote: kwamba taa moja hafifu ilikuwa mafanikio ya kutosha kuanzia.

Upotevu wa pili unahusu watu. Filamu Jane ya mwaka 2017, iliyoongozwa na Brett Morgen, si ya kuigiza; imejengwa kwa zaidi ya saa 100 za picha alizopiga Hugo van Lawick huko Gombe, mkoani Kigoma. Hata hivyo, inafuata mkondo uleule wa wasifu. Taswira inayobaki akilini ni ya mwanamke kijana akiwa peke yake msituni. Jane Goodall, aliyefariki mwaka 2025, alifika Gombe mwaka 1960 pamoja na mama yake, na miongoni mwa walioongozana naye milimani alikuwa Rashidi Kikwale. Mwaka 1975 wanafunzi wanne wa kigeni walitekwa nyara na waasi kutoka Zaire. Baada ya hapo kazi ya kila siku ya kuwafuata sokwe iliendelezwa na Watanzania kama Hilali Matama na Eslom Mpongo, nao waliandika kumbukumbu zao kwa Kiswahili. Kwa hiyo sehemu ya elimu ya dunia kuhusu sokwe ilipita kwanza katika lugha hii.

Upotevu wa tatu ni wa shaka. Kisa cha Erasto Mpemba kinaonekana kama filamu iliyokwisha kuandikwa. Mwaka 1963, akiwa mwanafunzi wa Magamba, Lushoto, alibaini kuwa mchanganyiko wa maziwa na sukari uliotiwa kwenye friji ungali moto uliganda mapema kuliko uliopozwa. Alichekwa. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, alimuuliza Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Dar es Salaam, naye akaenda kulijaribu. Makala yao ilichapishwa mwaka 1969. Kicheko, kisha ushindi: mtunzi gani angetaka zaidi? Lakini mwaka 2016 watafiti wa Uingereza, Burridge na Linden, walieleza kuwa hawakupata ushahidi wa kutosha wa athari hiyo katika maji, na wengine wamezidi kuitafuta kwa njia nyingine. Filamu itakayofunga kwa makofi itakuwa imetoa hukumu ambayo fizikia haijaitoa.

Kimondo cha Mbozi, kilichoko Ndolezi, kinakusanya matatizo haya yote mahali pamoja. Ni chuma chenye nikeli kiasi, kizito cha takribani tani 16; makadirio ya awali yalifika tani 25. Hakuna shimo la mwanguko lililoonekana. Vitabu humtaja W. H. Nott, mpima ardhi, aliyekitolea taarifa mwaka 1930, ilhali wenyeji walikuwa wakikijua tangu zamani. Mtunzi akianza na Nott, atapata shujaa, jina na tarehe, na jiwe litakuwa limezaliwa mwaka 1930. Akianza na wenyeji, hatapata jina la kuandika katika orodha ya wahusika. Kimondo kilikuwa kimezama ardhini, na ililazimu udongo uondolewe kukizunguka ndipo umbo lake lote lionekane. Katika mandhari hiyo mtunzi atapaswa kuamua kamera imwelekee nani: mwenye daftari, au waliokuwa wakichimba.