Fuwele Ilindayo Sauti ya Simu

Simu ya mkononi, iwe Mtandire jijini Lilongwe au katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, wilayani Dowa, mara nyingi husema na kusikia kwa wakati mmoja. Mawimbi inayoyatoa yana nguvu. Yale yanayotoka mnarani huifikia yakiwa dhaifu mno. Ni nini basi kiizuiacho kelele yake isiimeze sauti ya ndugu aliye mbali?

Kinga hiyo ni chujio dogo la fuwele. Mwaka 1880 ndugu wawili Wafaransa, Jacques na Pierre Curie, waligundua kwamba baadhi ya fuwele, kama kwatsi, zikibanwa hutoa umeme. Mwaka uliofuata ilithibitika kwamba zikitiwa umeme hujikunja na kujikunjua. Kiberiti cha gesi cha kubonyeza hutoa cheche kwa kanuni hiyo. Katika Vita Kuu ya Pili, vipande vya kwatsi vilizifanya redio za majeshi zisiyumbe katika masafa yake.

Katika simu nyingi za leo hutumika utando wa alumini iliyoungana na naitrojeni, mwembamba kuliko unywele. Kadiri utando ulivyo mwembamba, ndivyo utetemekavyo upesi, hata mara bilioni mbili kwa sekunde. Wimbi lilinganalo na mtetemo huo hupita, mengine huzuiwa.

Dzaleka ilifunguliwa mwaka 1994, na wengi wa wakazi wake walikimbia vita vya Kongo, Rwanda na Burundi. Kwa jamaa waliotawanyika hivyo, utando huo usioonekana ndio uipitishao salamu ikafika ikiwa safi.