Unajenga Nyumba Kijijini? Anza na Jina Lililo Kwenye Hati

Kijana ameonyeshwa na babake mahali pa kujenga, kando ya mwembe. Ameshanunua mawe na kuongea na fundi. Anapokwenda kuomba kibali anaulizwa: shamba ni la nani? Hati miliki bado ina jina la babu aliyefariki zamani. Ombi linakwama hapo.

Wakazi wengi hudhani kibali cha ujenzi ni jambo la mjini. Sivyo. Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019 inahusu kaunti nzima, vijiji vikiwemo. Anayeanza kujenga bila kibali anaweza kutozwa faini isiyozidi Sh500,000, kufungwa kwa muda usiozidi miezi 2, au yote mawili.

Kuzaliwa hapo pekee hakutoshi. Angalia hali yako:

Mwenye hati yu hai. Mwombe idhini ya maandishi uiambatishe na ombi lako. Bila idhini hiyo, ombi halishughulikiwi.

Mwenye hati amefariki. Familia ianze na mirathi. Pateni barua ya chifu inayotaja warithi wote, mabinti wakiwemo, kisha mfungue faili mahakamani. Waislamu wanaweza kwenda kwa Kadhi. Makubaliano ya mdomo hayabadilishi jina kwenye hati.

Unataka kipande chenye hati yako. Ikiwa ni shamba la kilimo, ugawaji unahitaji idhini ya Bodi ya Kudhibiti Ardhi. Ombi lipelekwe ndani ya miezi 6 tangu mlipokubaliana. Bila idhini hiyo, makubaliano hayana nguvu kisheria.

Ukishawasilisha ombi kamili pamoja na michoro, kaunti ina siku 60 za kukujibu kwa maandishi. Ukikataliwa, una haki ya kuelezwa sababu. Usiporidhika, kata rufaa ndani ya siku 14 kwa Kamati ya Uhusiano ya Mipango ya kaunti.

Basi kabla ya kununua mawe, nenda kwa msajili wa ardhi uthibitishe shamba limeandikwa jina la nani, kisha upite kwa afisa wa mipango. Zungumzeni kama familia wazee wakiwa hai, kwani sahihi inayopatikana leo kwa siku moja, kesho huenda ikahitaji kesi mahakamani.