Mate si Makohozi: Jinsi Kifua Kikuu cha Mtoto Kinavyopimwa

Mzazi anapompeleka kituoni mtoto mwenye kikohozi kisichokoma, huenda akakabidhiwa kikopo kidogo chenye kifuniko na kuelekezwa kuwa mtoto akohoe na kutema ndani yake. Kinachorejeshwa maabara huweza kuwa mate matupu. Maabara hupima kile kilicholetwa, jibu hutoka kwamba vimelea havikuonekana, nayo familia hurudi nyumbani ikiamini kuwa mtoto hana kifua kikuu. Kwa mtoto wa chini ya miaka 5 imani hiyo ina hatari kubwa, kwa kuwa katika umri huo ugonjwa huweza kutoka mapafuni na kusambaa kwa haraka hadi kwenye utando wa ubongo.

Makala haya yanafafanua tofauti ya mate na makohozi, namna mtoto asiyeweza kutoa makohozi anavyopimwa, na kipimo ambacho kweli hutumia majimaji ya mdomoni. Lengo ni kuwawezesha wazazi na walezi wa Kata ya Iyunga kuelewa jibu wanalopewa na kujua hatua inayofuata.

Kila sampuli na mahali inapotoka

Mate hutengenezwa na tezi za mdomoni. Ni mepesi, meupe na yenye povu. Makohozi hutoka ndani ya kifua. Ni mazito, yanavutika, na wakati mwingine huwa na rangi ya njano au kijani. Vimelea vya kifua kikuu huishi zaidi mapafuni, hivyo sampuli inayotoka kifuani ndiyo yenye uwezekano mkubwa wa kuvibeba.

Hata makohozi halisi ya mtoto yana ugumu wake. Ili darubini ione vimelea, huhitajika takriban vimelea 10,000 katika kila mililita ya makohozi. Mtu mzima ambaye mapafu yake yameharibika hukohoa vimelea vingi. Mtoto mdogo kwa kawaida ana vimelea vichache, na mara nyingi ugonjwa wake hujificha katika tezi zilizo ndani ya kifua. Zaidi ya hayo, mtoto mdogo hajui kukohoa na kutema, akikohoa, humeza.

Yaliyobainika hapa Mbeya

Mkoa wa Mbeya umechangia sana kuelewa jambo hili. Kituo cha Mbeya cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) kilikuwa miongoni mwa vituo vya mwanzo barani Afrika kuifanyia utafiti mashine ya GeneXpert, ambayo hutafuta vinasaba vya vimelea badala ya kutegemea jicho kwenye darubini. Shirika la Afya Duniani liliidhinisha teknolojia hiyo mwishoni mwa mwaka 2010. Utafiti wa Mbeya uliochapishwa mwaka 2012 uliwafuatilia watoto 164 waliohisiwa kuwa na kifua kikuu. Miongoni mwa wale ambao ugonjwa wao ulithibitishwa kwa kuotesha vimelea maabara, mashine iliwabaini robo tatu pale sampuli tatu za makohozi zilipopimwa. Idadi hiyo ni takriban mara tatu ya ile iliyopatikana kwa darubini.

Matokeo hayo yana mafunzo mawili. La kwanza ni kwamba sampuli moja haitoshi kila mara. Mtoto anapoombwa kurudi na sampuli nyingine, ombi hilo lina sababu ya kitabibu. La pili ni kwamba hata mashine bora iliwakosa watoto wengine waliokuwa wagonjwa kweli. Jibu la «havikuonekana» huhusu sampuli iliyopimwa. Kuhusu mtoto mwenyewe, bado daktari au tabibu ana la kuamua.

Mtoto asiyeweza kutema

Kwa kuwa mtoto humeza makohozi yake, wataalamu huyafuata yalikokwenda. Njia ya zamani ni kuchukua majimaji ya tumboni kwa mpira mwembamba unaopitishwa puani, alfajiri kabla mtoto hajala, wakati makohozi aliyomeza usiku yangali tumboni. Njia hiyo hufanywa hospitalini na humsumbua mtoto. Njia nyingine ni kumvutisha mtoto mvuke wa maji ya chumvi ili makohozi yalainike na kutoka.

Njia iliyo rahisi zaidi kwa familia ni choo kikubwa. Vinasaba vya vimelea vilivyomezwa hupita tumboni na kutoka na choo, na mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani liliridhia choo cha mtoto kitumike katika mashine ya GeneXpert. Kiasi kinachohitajika ni kidogo, karibu na punje ya njegere. Mzazi asione haya wala asishangae anapoombwa sampuli hiyo kwa ajili ya kikohozi. Upimaji ndani ya mashine huchukua chini ya saa 2, ingawa jibu linaweza kuchelewa pale sampuli inapolazimika kusafirishwa kutoka zahanati kwenda kituo chenye mashine.

Sampuli zote zikishindikana, mtoto bado anaweza kugundulika. Tabibu huunganisha historia ya kuishi na mgonjwa, dalili, mwenendo wa uzito kwenye kadi ya kliniki, hali ya maambukizi ya VVU na picha ya kifua, kisha huamua kuanza matibabu. Mtoto kuanzishiwa dawa bila kimelea kuonekana ni utaratibu unaokubalika, na mzazi ana haki ya kuelezwa sababu zake.

Kipimo kinachotumia majimaji ya mdomoni

Kipimo cha mdomoni ambacho wananchi wengi wamekisikia ni kile cha kujipima VVU. Mtu hupangusa fizi za juu na za chini kwa kijiti maalumu, hukiweka kwenye kichupa chenye dawa, na kusoma jibu baada ya dakika 20 hadi 40. Mwaka 2019 Bunge lilirekebisha Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI ya mwaka 2008; marekebisho hayo yaliruhusu kujipima na kushusha umri wa kuridhia kupimwa bila idhini ya mzazi kutoka miaka 18 hadi 15.

Kipimo hicho hutafuta kingamwili, yaani askari wa mwili wanaotengenezwa kupambana na VVU. Kupatikana kwa kingamwili mdomoni hakumaanishi kwamba mate huambukiza. Aidha, mistari miwili kwenye kijiti si jibu la mwisho. Ni wito wa kwenda kituoni kuthibitishwa kwa kipimo cha damu.

Kwa mtoto mchanga kipimo hicho hakifai. Mtoto aliyezaliwa na mama mwenye maambukizi hubeba kingamwili za mama yake, ambazo zinaweza kubaki mwilini hadi miezi 18. Kijiti kinaweza kuonesha mistari miwili ilhali mtoto hana VVU. Ndiyo maana watoto hao huchukuliwa matone ya damu kisiginoni, kwa kawaida kati ya wiki ya 4 na ya 6, ili kutafuta virusi vyenyewe. Mama asikose tarehe hiyo, kwani mtoto mwenye maambukizi anayecheleweshewa dawa yumo hatarini zaidi katika miezi yake ya kwanza.

Watafiti wa nchi mbalimbali wamechunguza pia kupangusa ulimi ili kutafuta kifua kikuu, kwa sababu vinasaba vya vimelea hunata juu ya ulimi mtu anapokohoa. Kiasi kinachopatikana ulimini ni kidogo kuliko cha makohozi, na kwa mtoto mwenye vimelea vichache tangu mwanzo upungufu huo ni mkubwa. Malaria nayo hupimwa kwa damu ya kidoleni. Mtu anayepita mitaani akidai kupima magonjwa yote ya mtoto kwa mate asikabidhiwe fedha wala mtoto.

Hatua za kuchukua nyumbani

Mtoto apelekwe kituoni anapokuwa na kikohozi kisichokoma, homa ya muda mrefu, uzito usioongezeka au unaopungua, au anapopoteza uchangamfu na kuacha kucheza na wenzake. Kama kuna mtu mzima nyumbani, jirani wa karibu au mlezi anayetibiwa kifua kikuu, jambo hilo litajwe mapema, hata kabla ya kuulizwa. Kwa tabibu, taarifa hiyo huweza kuwa na uzito kuliko sampuli yenyewe.

Mtoto wa chini ya miaka 5 anayeishi na mgonjwa wa kifua kikuu achunguzwe hata kama hana dalili. Akibainika hana ugonjwa, hupewa dawa kinga. Chanjo ya kifua kikuu anayopewa mtoto anapozaliwa humlinda dhidi ya aina kali za ugonjwa, lakini haimzuii kabisa kuambukizwa.

Mtoto mkubwa anayeweza kutema asukutue mdomo kwa maji safi asubuhi kabla ya kula, avute pumzi ndefu mara kadhaa, kisha akohoe kwa nguvu kutoka kifuani. Afanye hivyo nje, penye hewa, mbali na wengine. Kabla ya kufunga kikopo, mzazi atazame kilichomo. Kikiwa chepesi na chenye povu, mtoto ajaribu tena. Ikishindikana, mhudumu aelezwe ukweli kwamba hayo ni mate, ili sampuli nyingine itafutwe.

Uchunguzi na matibabu ya kifua kikuu katika vituo vya Serikali hutolewa bila malipo. Dawa za watoto huyeyushwa katika maji, hivyo mtoto halazimiki kumeza vidonge vikubwa. Jibu likitoka kwamba vimelea havikuonekana, mzazi aulize maswali mawili kabla ya kuondoka: ni sampuli gani iliyopimwa, na mtoto arudishwe lini endapo hali haitabadilika. Majibu yaandikwe kwenye kadi ya mtoto, na siku iliyotajwa ikifika angali anakohoa, arudishwe bila kusubiri.