Moto wa Nyumba Yetu Mpya

Mwalimu wetu wa Fizikia amenitaka niandike habari ya jambo lililozungumzwa kwetu karibu mwaka mzima, nalo ni moto gani utiwe katika nyumba mpya anayoijenga baba huko Nzuguni. Huenda msomaji akacheka, akasema, "Dodoma na jua lake lote, moto wa nini?" Asemaye hivyo hajalala hapa mwezi wa Julai. Uwanda wetu uko juu ya bahari kwa mita 1,100 hivi, hewa yake ni kavu, na jua likishatua joto la mchana hupotea upesi. Usiku kipimo hushuka mpaka nyuzi 13 au 14, na upepo wa mashariki hauna mapumziko.

Baba aliwahi kufanya kazi ya uashi Mufindi. Huko aliona nyumba za zamani za mashamba ya chai zenye mahali pa kuotea moto ukutani, na dohani inayopanda mpaka juu ya paa. Alizipenda sana. Baadaye akasikia kwamba siku hizi ziko za gesi, zisizotaka kuni wala kuzoa majivu, akaazimia kuweka moja sebuleni. Mama alisema fedha hiyo afadhali inunue jiko zuri la gesi la kupikia. Bibi, ambaye alikuwa ametoka kijijini kuja kukaa nasi katika nyumba ya kupanga, hakusema neno. Alikuwa akisikia baridi tu.

Usiku mmoja bibi aliingiza jiko la mkaa chumbani alimolala na mdogo wangu. Mkaa ulikuwa umeshika vizuri, mwekundu, hautoi moshi hata kidogo, naye akaona hauna dhara. Akafunga mlango na dirisha. Yapata saa saba mama alisikia mtoto akitapika. Tulipoingia, bibi aliamka kwa shida, kichwa kinamwuma, miguu imelegea, hajui yuko wapi. Tuliwatoa nje penye hewa, kisha tukawapeleka hospitali wakapewa oksijeni. Walipona wote wawili. Daktari alituambia kwamba kama mtoto asingalitapika, asubuhi tungalikuta maiti mbili.

Sababu yake ni hii. Moto ukikosa hewa ya kutosha hutoa gesi iitwayo kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu, wala haiwashi macho. Ikiingia mapafuni hushikana na himoglobini ya damu kwa nguvu inayoipita oksijeni zaidi ya mara 200, hata damu ikashindwa kuchukua oksijeni mwilini. Mtu huona usingizi, akalala, asiamke.

Bibi hakukubali upesi. "Mjukuu wangu," aliniambia, "mimi nimezaliwa ndani ya tembe, nimelala kando ya moto miaka yote. Mbona sikufa?" Swali hili lilinishinda, nikalipeleka kwa mwalimu. Alinieleza kwamba tembe la Wagogo, pamoja na kuta zake za miti na udongo na paa lake bapa la udongo, hupitisha hewa mlangoni na penye nyufa. Tena moto wa kuni una moshi, na moshi humfukuza mtu mapema. Sisemi tembe lilikuwa na afya. Moshi ule umewaharibu wazee wengi macho na vifua. Lakini chumba cha siku hizi chenye vioo, dari na mlango unaobana ni kama chupa.

Basi tulianza kuchagua upya, safari hii kwa kuuliza hewa chafu itatokea wapi. Meko ya gesi ya sebuleni ni ya namna tatu. Iko yenye dohani ya kawaida. Iko iliyofungwa kwa kioo, yenye bomba moja ndani ya jingine: moja huvuta hewa kutoka nje, jingine hutoa iliyoungua. Hii ndiyo salama kuliko zote, nayo ni ghali. Ya tatu haina bomba lo lote, na yote inayotoa hubaki chumbani. Ni rahisi kufunga, lakini katika jimbo la California, Marekani, haziruhusiwi majumbani. Hata ikiungua vizuri, kila kilo ya gesi hutoa zaidi ya kilo 1 na nusu ya mvuke wa maji.

Kisha nikampigia baba hesabu. Meko ya kilowati 6 hula karibu nusu kilo ya gesi kwa saa. Mtungi wa kilo 15 hautapita saa 32. Tukiota saa nne kila usiku, ni siku nane. Kwa mtungi huo huo mama hupika zaidi ya mwezi. Baba aliitazama karatasi kwa muda mrefu, akaikunja, akaitia mfukoni.

Mama alipata jiko lake. Mtungi utakaa nje, wima, kivulini, wala si ndani ya shimo, kwa kuwa gesi hii ni nzito kuliko hewa na ikivuja hutuama chini. Matofali yaliyonunuliwa kwa dohani yamejenga kibanda chake. Kila asubuhi tutatazama mwali: wa buluu ni mzuri, wa manjano waonyesha kwamba hewa haitoshi au jiko ni chafu.

Bibi amepewa chumba cha magharibi, ambako jua la alasiri hupasha ukuta na tofali hutunza joto mpaka usiku. Amenunuliwa mablanketi mawili mazito, na nyuma ya nyumba amepanga mafiga yake matatu, ambako huota moto jioni kabla ya kuingia kulala.

Sebuleni baba ameacha sehemu moja ya ukuta bila kupigwa lipu. Tukimwuliza, husema mafundi wamesahau.