Punguza nguo kabatini, linda afya ya familia

Mzazi, nguo ngapi kabatini hujazivaa tangu masika yaliyopita? Hapa Morogoro mvua za Machi hadi Mei huleta unyevu, na nguo zilizorundikana huota ukungu unaoweza kuamsha pumu kwa mtoto. Zile zilizotundikwa ukutani huwa maficho ya mbu mchana.

Zitandaze zote kitandani. Bakiza zinazokutosha, zinazoendana na mtindo wako na zinazofaa unakoishi: za pamba kwa joto la mjini, sweta kwa baridi ya Mgeta, juu milimani Uluguru. Nyingine zifue, uwape wenye kuzihitaji.

Ukinunua mitumba, ifue kabla ya kuivaa. Nguo ulizoanika zikauke kabisa, kisha uzipige pasi hadi kwenye pindo. Kuna inzi anayetaga mayai kwenye nguo zenye unyevu, na funza wake huingia ngozini.

Mtoto akiwashwa zaidi usiku, huenda ni upele. Mpeleke zahanati. Nguo na mashuka ya siku tatu zilizopita yafuliwe kwa maji ya moto, na wote nyumbani watibiwe siku moja. Nguo zikiwa chache, kazi hiyo haikushindi.