Jino Likitoka Owino

Dharura za kinywa: sehemu ya pili

Sehemu iliyopita ilieleza jinsi sukari na bakteria wanavyolila jino taratibu, kwa miezi na miaka. Leo tunaangalia jino linalotoka kwa kishindo, na mahali pa kuliangalia ni Owino, soko ambalo kwenye karatasi za serikali linaitwa Mtakatifu Balikuddembe. Limekuwapo tangu 1971 kando ya uwanja wa Nakivubo katikati ya Kampala, jirani na stendi ya zamani ya takisi. Nimelichagua kwa sababu Owino pana kila kitu kinachohitajika kuliokoa jino, na pana kila kitu cha kulipoteza pia.

Anayeijua michochoro ya soko hilo hana haja ya kuelezwa jinsi ajali inavyotokea. Wapagazi wanapita na marobota ya mivumba, yaani nguo za mitumba, kichwani, macho yao yako mbele na sauti ndiyo honi yao. Kona ya meza ya mbao, mpini wa toroli, kiwiko cha mtu anayegeuka ghafla kuita mteja, vyote viko usawa wa mdomo wa mtu fulani. Nje kuna bodaboda, na abiria akirushwa mbele uso ndio unaotangulia.

Watu wakikusanyika, jambo la kwanza si jino. Je, majeruhi alizimia, hata kwa muda mfupi? Anatapika? Meno ya juu na ya chini hayakutani kama zamani anapofunga mdomo? Anakohoa bila kukoma, kama mtu aliyevuta kitu kwenye njia ya hewa? Likiwapo mojawapo, aende hospitali mara moja, jino lipatikane lisipatikane. Yasipokuwapo hayo, mtu mmoja akandamize kitambaa safi penye damu na mwingine ainame kulitafuta jino chini.

Sasa tulitazame jino lenyewe. Lina kichwa, ile sehemu nyeupe inayoonekana mtu akicheka, na lina mzizi. Mzizi haukugandishwa kwenye mfupa wa taya. Umeshikiliwa na nyuzi laini zenye chembe hai, na jino liking'oka sehemu ya nyuzi hizo hubaki zimeushika mzizi kama utando mwembamba wa rangi ya waridi. Utando huo ndio unaoamua kama jino litashika tena. Likiachwa kavu, chembe zake huanza kufa ndani ya dakika chache. Baada ya nusu saa matumaini yamepungua sana, na likikaa saa nzima nyingi zimekufa. Kwa hiyo wale wanaolifunga jino kwa karatasi laini na kulitia mfukoni, wakiamini wamelihifadhi, wamelikausha. Wanaolisugua kwa sabuni au kulimwagia spiriti wameliua kwa usafi.

Lishikwe upande wa kichwa, mzizi usiguswe. Kwa kuwa kuna damu ya mtu mwingine, na glovu hakuna, vaa kaveera safi, yaani mfuko wa plastiki, mkononi. Sijaona kibanda cha Owino kinachokosa kaveera. Kama lina vumbi, lisuuzwe kidogo kwa maziwa, au kwa mate ya mwenyewe. Kisha lirudishwe kwenye tundu lake pale pale, uso wake wa mbele ukiangalia mbele, lisukumwe polepole kwa kidole mpaka lilingane na wenzake, na majeruhi aume kitambaa kulishikilia. Najua wengi wataogopa kufanya hivyo, na mwenye jino ataogopa zaidi. Lakini dakika hizo tundu huwa limekufa ganzi kwa mshtuko, na jino huingia kwa urahisi kuliko mtu anavyodhani.

Wakishindwa kabisa, maziwa. Maziwa baridi ya paketi yanapatikana kila pembe ya soko, na chumvi na protini zake zinakaribiana na mahitaji ya chembe zile kiasi cha kuziweka hai kwa saa kadhaa. Maji matupu huzivimbisha na kuzipasua, ingawa hata hayo ni afadhali kuliko mfuko wa suruali. Jino litumbukizwe kwenye kikombe cha maziwa, bodaboda iitwe. Kituo cha afya cha daraja la nne cha Kisenyi kiko mwendo mfupi, na Mulago, hospitali kuu ya rufaa, iko juu ya kilima upande wa pili wa jiji. Huko jino litafungwa kwa waya mwembamba kwenye meno jirani kwa wiki mbili hivi, mgonjwa atachunguzwa kama anahitaji chanjo ya pepopunda, na kwa mtu mzima mzizi utasafishwa ndani kabla wiki hizo hazijapita.

Haya yote ni ya meno ya ukubwani tu. Jino la utoto liking'oka halirudishwi, kwa sababu kulisukuma kunaweza kuliumiza jino changa linalosubiri chini yake. Meno ya mbele ya ukubwani huanza kuota mtoto akiwa na miaka sita hadi minane.

Kuhusu kinga, anza na mafundi cherehani wa soko. Tazama meno ya mbele ya fundi aliyekata uzi kwa meno miaka mingi: utakuta kijipengo kidogo ukingoni, na kijipengo hicho ndiko ufa unakoanzia. Mkasi uko mezani. Hali kadhalika na soda: kifunguo hukosekana, na kijana mmoja kila kundi huwa na sifa ya kufungua chupa kwa gego. Sifa hiyo haizeeki naye. Na kofia ya bodaboda inayofunika utosi peke yake inalinda ubongo, jambo kubwa, lakini taya na meno inayaacha wazi. Inayofunika kidevu ni ghali zaidi, na bado ni nafuu kuliko meno manne ya bandia.

Upande wa maumivu, soko lina wauzaji wa vidonge vya rejareja, na hapo ndipo ninapoogopa zaidi. Karafuu inatuliza kweli. Mafuta yake hadi leo yanachanganywa katika dawa za kuzibia meno. Parasetamo pia, kwa mtu mzima vidonge viwili vya miligramu 500 kila baada ya saa sita, visizidi vinane kwa siku. Aspirini iliyobandikwa kwenye ufizi inaunguza nyama bila kuponya jino. Na vidonge vitatu vya antibiotiki vilivyonunuliwa bila daktari huweza kupunguza uvimbe kwa siku mbili huku chanzo cha usaha kimebaki ndani. Usaha huo ukishuka chini ya taya na kuelekea shingoni, ulimi ukainuliwa, mate yakashindwa kumezwa na mdomo ukakataa kufunguka, njia ya hewa inakaribia kuzibwa. Mtu wa namna hiyo hasubiri asubuhi.

Kuna dharura moja ambayo Kampala ina haki ya kuijua kuliko miji yote. Mwaka 1957 daktari Hugh Trowell alimwita mwenzake wa Mulago, mpasuaji Denis Burkitt, amtazame mtoto aliyevimba taya zote, juu na chini, kulia na kushoto, meno yamelegea. Wiki chache baadaye Burkitt akamwona mwingine wa namna hiyo hospitalini Jinja. Akafukua kumbukumbu za hospitali, akachapisha aliyoyaona mwaka 1958, na saratani hiyo sasa inabeba jina lake. Kituo cha matibabu kilichofunguliwa Mulago mwaka 1967 kwa ajili ya watoto hao ndicho kilichokuja kuwa Taasisi ya Saratani ya Uganda. Wazazi wengi hudhani ni jino bovu, likang'olewa, wiki zikapotea. Na uvimbe huu unaweza kuongezeka maradufu ndani ya siku moja au mbili. Mtoto mdogo ambaye meno yake yanalegea kabla ya wakati huku taya likivimba upesi asing'olewe jino kwanza. Apelekwe Mulago siku hiyo hiyo, kwa maana uvimbe unaokua kwa kasi hiyo huitikia dawa kwa kasi pia, na watoto wengi waliowahishwa wanapona.

Sehemu ijayo: watoto wachanga na imani ya ebinyo, yaani "meno ya uongo".